Baba, Ngano Yako Imeingia Sufuriani

Baba,

Salamu zikufikie huko uliko, katika rehema za Mola. Nina habari nimeshindwa kukaa nayo: ngano yako imeota, imekomaa, na tumeshaila.

Unakumbuka ulivyoipanda mara ya kwanza? Mwezi wa tatu, eti masika yameingia! Nikakwambia hapa ni Garland, si Mombasa, ukanijibu, "Mvua ni mvua." Kufika Juni joto la Texas lilikuwa limeikausha yote, hata suke moja hatukuliona. Ukacheka mpaka ukakaa chini. Ukasema safari nyingine tutapanda baridi ikianza, na Idi Kubwa unataka bokoboko la ngano yako mwenyewe. Baridi haikukukuta, Baba.

Tangu tukuzike, Mama hakuingia jikoni. Mama, ambaye alikuwa hatuachii hata kuchemsha maji! Alikaa kwenye kiti chako, akala vijiko viwili vitatu vya nilichompikia, akashukuru kama mgeni. Niliogopa nitampoteza na yeye. Novemba nikatoa mbegu zako zilizobaki kwenye kopo la kahawa, nikazipanda pale pale ulipopanda wewe, karibu na ua wa mbao, nikiomba Mungu tu.

Ikaja ile barafu. Nikaona majani yamelala chini, nikakimbilia kabatini na kuyafunika kwa blanketi la kwanza nililolishika. Mama akatoka nje na kanga zake, meno yanagongana: "Zuhura! Blanketi langu la harusi!" Nilivyofurahi kugombezwa! Miezi sikuwa nimeisikia sauti ile. Na kumbe ngano haikuwa na shida na baridi. Jua lilipotoka ikasimama yenyewe.

Mwezi wa tano nikavuna kwa mkasi wa jikoni. Nikaipura ndani ya foronya, nikapepeta mbele ya feni, nikatwanga kwa kile kinu kidogo cha vitunguu thomu. Nilipata bakuli moja, ikabidi nichanganye na ya dukani. Usininunie.

Siku ya Idi nikaibandika na nyama, nikaanza kulipiga bokoboko kwa mwiko. Mama alikuwa ananitazama kutoka sebuleni. Akavumilia, akavumilia, akashindwa. Mara nikaona mkono wake juu ya wangu: "Lete mwiko. Hili ni bokoboko au uji?" Alilipiga mpaka jasho likamtoka, akaonja, akaongeza chumvi. Mimi nikatoka nje kulia.

Mbegu nimeweka. Baridi ikirudi nitapanda tena, nakuahidi, na Mama amesema mahali atachagua yeye, maana mimi na wewe tulipanda kivulini.

Lala kwa amani, Baba yangu. Naishia hapa; Mama ananiita nikamenye vitunguu.

Mwanao,
Zuhura