Kwa Yaya, Aliyetaja Teritwari Yangu

Yaya Donatien, kaka yangu mkubwa,

Unakumbuka baba alivyotupanga mezani, pale Likasi, Katanga, kabla ya kugusa bukari, ugali wetu? Kila mtoto ataje kwao, namna Wabelgiji walivyoandika katika kitambulisho cha baba: jimbo, wilaya, teritwari, sekta, kijiji. Kasai yenyewe, kwao baba, hatukuwahi kuiona hata kwa dirisha la treni. Mimi nilitaja vyote vitano bila kupumua. Wewe ulichanganya sekta na teritwari, baba anakuambia, "Mutoto asiye na kwao, na nyama hana." Nilikukatia nusu ya nyama yangu chini ya meza. Ulikula.

Baba alipokufa, ulibaki na kazi ya kiwandani. Mimi nilikwenda Mwadingusha kununua samaki, na samaki wale walijenga nyumba ya vyumba vinne. Kiwanda kiliposimama nilikupa chumba kimoja, wewe na mama yako, kwa maana baba yetu alikuwa mmoja.

Halafu mwaka ule wa kufukuza Wakasai, vijana wakaja getini. "Humu beko bantu ba wapi?" Nilikuwa nikimfunga mwanangu Béa mgongoni. Ukatangulia kutoka.

"Minye niko wa kwa mama. Kambove, hapa hapa Katanga."

"Na huyu?"

Ukataja, yaya. Jimbo, wilaya, teritwari, sekta, kijiji. Siku ile hukukosea hata kimoja. Mmoja akasema, "Mwalimu kabisa," nawe ukacheka naye. Kisha ukanigeukia: "Weye enda tu, ndogo yangu. Nyumba nitachunga."

Tulilala stesheni majuma matatu tukingoja treni. Béa alikufa pale kwa kuhara, ana miezi kumi na moja. Na huku Kasai nilikofika, karani alinisikiliza nikitaja vyote vitano, akatikisa kichwa: "Mama, sekta hiyo ilivunjwa na Wabelgiji wenyewe. Kijiji walikihamishia teritwari nyingine." Kwa hiyo ulinirudisha kwetu ambako hakupo. Watu wa huku wananiita Mkatanga.

Nyumba kaa nayo. Paa la nyuma linavuja, nilijua tangu siku ya kuliweka.

Lakini nasikia umezaa msichana, ukamwita Béa, ati kilio kiishe. Mwondolee. Jina hilo lina mwenyewe, na mwenyewe amelala karibu na reli, hapo hapo Likasi, ambako hujaenda hata mara moja kumpalilia kaburi.

Mimi, mtoto wa baba yako.