Kaka Yangu Hakufunga Macho

Mujukuu wangu Baraka,

Amani ya Mungu ikukute kule Kisangani. Huku Bunia tunapumua, ingawa watu wa kule Fataki wangali wanakimbia vita kuja kwetu. Unaniuliza kama nitakukana, juu weye haupigi magoti kuomba na timu yako ya mpira.

Kaka yangu pia hakuamini. Siku ya mechi ya amani, mheshimiwa mbunge alishika mikro ya kupaza sauti, akasema tufunge macho tuombe. Kaka akacheka: «Mungu wenu hasikii bila mikro?»

Nikamuambia: «Nyamaza, mupagani!»

Tulipofungua macho, mheshimiwa alikuwa anapigwa picha. Kaka alikuwa amemukumbatia mama mmoja aliyekuwa analia peke yake. Hata hivyo sikumusalimia tena, mpaka tukamuzika.

Mimi ningali naomba. Weye usipige magoti juu ya kunifurahisha mimi.

Koko wako