Harusi ya Ploti Nambari Tisa

Kibos, Kisumu
3 Februari 2025

Mdogo wangu Zulaikha,

Leo ni miaka arobaini na mitano na miezi kumi tangu nitoke Kampala na mkoba mmoja wa vitabu na shati la mtu mwingine. Assalamu alaykum. Natumaini goti limekupa nafuu na presha inasikiliza dawa. Sisi huku ni wazima. Macho yangu bado yanasoma bila miwani mchana, na hilo nalisema kwa majivuno.

Nabilah amenipigia simu. Mjukuu wako anaongea kama mtu anayefukuzwa na mbwa, lakini nimemwelewa. Kuna watu hapo Bugolobi wanaowatafuta walioigiza kwenye televisheni ya zamani, na tarehe 26 Aprili wanataka wewe na Anena muimbe tena ukumbini, kama mlivyoimba kwenye Ploti Nambari Tisa. Kanda hazipo, zilirekodiwa vitu vingine juu yake. Wanategemea vichwa vya wazee. Nimemwambia kichwa changu kipo.

Basi waambie hivi. Mchezo ulikuwa kila Alhamisi baada ya taarifa ya habari. Ua ulikuwa wa mbao nyembamba zilizopakwa rangi ya matofali, milango mitano, na mfereji usiotoa maji. Wapangaji waligombana dakika ishirini na kitu. Kisha wewe, uliyeitwa Tunu binti Rajabu, na Anena, binti wa polisi wa kambi ya Nsambya, mliketi kwenye beseni la nguo mkaimba. Mlikuwa na miaka kumi na sita. Mwandishi hakuwatungia wimbo hata siku moja. Kwenye karatasi yake aliandika tu, "Wasichana wanaimba." Taa zilipozimwa zipoe, mlikwenda nyuma ya mlango wa tatu mkautunga wimbo kutokana na ugomvi wenyewe. Nilikuwa kwenye benchi langu, nimekuja kukusindikiza, na nilisikia mkibishana kwa kunong'ona. Ule wa mwenye nyumba aliyewahesabia wapangaji maji ninao wote:

Mwenye ploti hesabu, ndoo zetu ni tatu,
Ya nne ni machozi, hayauzwi kwa watu.

Sauti ya Anena ilikuwa nzito, kama mtu anayesukuma kabati. Yako ilipanda juu ya kabati ikakaa. Pale ukumbi wa Mengo watu sitini walibanana mbele ya televisheni moja, na ulipofungua kinywa hakuna aliyekohoa. Koplo mmoja aliniambia, "Huyu mtoto akiimba namkumbuka mama yangu, na mama yangu hakujua kuimba." Nimesoma vitabu vingi tangu siku hiyo. Sijapata sifa nzuri kuliko hiyo.

Ni huzuni kwamba uliacha mapema. Mngeimba miaka mingine mitano.

Huenda nikaja. Wakiniwekea kiti cha mbele nitawasahihisha mkikosea.

Kaka yako,
Abdul-Karim

*

Mengo, Kampala
14 Februari 2025

Kaka Abdul-Karim,

Waalaykum salaam. Goti ni lile lile na presha inasikiliza inapotaka. Nabilah anakusalimu na anasema hafukuzwi na mbwa, wewe ndiye unayesikia polepole. Anena alikuja Jumapili, amenenepa, bado anasukuma kabati. Nilimsomea barua yako. Alipofika pale uliposema niliacha, akashika meza.

"Uliacha? Mwambie mimi ndiye niliyebaki peke yangu kwenye beseni, naimba na sabuni!"

Kaka, sikuacha. Ulinitoa. Kwa kuwa kichwa chako kipo, wacha nikipe na kipande hiki.

Ilikuwa mwanzoni mwa Agosti 1978. Kwenye mchezo Tunu alikuwa anaolewa na Shomari, na Shomari aliigizwa na Hamim. Mtu wa kuigiza walii wangu hakufika. Mwongozaji akakuona kwenye benchi na kanzu yako safi. "Wewe bwana, njoo ukae hapa, useme haya." Sheikh wa mchezo alikuwa mwadhini wa kweli, walimchukua kwa sababu kilemba alikuja nacho. Mashahidi walikuwa dereva na fundi wa taa, Waislamu wote wawili. Ukamshika Hamim mkono, ukamwoza. Tukapiga vigelegele, tukaimba, tukaenda nyumbani.

Kesho yake ukaamka na uso wa msiba. Madrasa tulifundishwa kwamba ndoa haina utani, ukiitamka imekuwa. Na wewe ulikuwa walii wangu wa kweli, baba ameshafariki. Ijumaa ukaenda kituo cha televisheni ukaniondoa kwenye mchezo. Jumamosi ukamleta Hamim barazani, maskini, akatamka talaka mbele ya majirani. Nilikuwa namenya matoke. Ukaja ukaniambia, "Zulaikha, umeachwa." Nikakuuliza, "Na nani?"

Leo Hamim anauza vitenge Kikuubo. Amekuja kwenye mkutano wa Bugolobi na mkongojo, akamwambia Nabilah, "Jaja yako, bibi yako huyu, ni mke wangu wa kwanza. Tuliachana kabla sijala hata wali." Tukacheka wote. Halafu akasema zamani hizo alikutana njiani na Sheikh Abudu wa msikiti wetu, si yule wa mchezo, sheikh akamcheka. "Kijana, wewe hukuwahi kuoa." Hamim alidhani mimi najua. Alidhani uliniambia, kwa sababu sheikh alimwambia kwamba wewe ndiye uliyekwenda kumuuliza.

Kale, haya basi, kaka. Ulimwuliza siku gani, naye alikujibu nini? Nataka kuimba. Nimekaa na nyimbo hizi tumboni kama mtu aliyemeza funguo. Lakini sitapanda jukwaani nikiwa sijui kwa nini nilishushwa.

Mdogo wako,
Zulaikha

*

Kibos, Kisumu
24 Februari 2025

Mdogo wangu Zulaikha,

Assalamu alaykum. Barua imefika salama na basi la asubuhi, nami nafurahi kwamba bado unaandika hati nzuri. Ramadhani imekaribia. Mungu atufikishe.

Umesimulia vizuri isipokuwa tarehe. Haikuwa mwanzoni mwa Agosti. Ilikuwa Jumatano, tarehe 16, siku ya kurekodi.

Mengine nayo yana maelezo yake. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, baba hayupo, na nyumba nzima ilikuwa juu ya mabega yangu. Katika jambo la ndoa mtu akiwa na shaka huchukua njia ya usalama, na walii anayekosea kwa tahadhari hana lawama kubwa. Vitabu vinakubaliana hapo zaidi kuliko unavyodhani. Mchezo wenyewe haungedumu, maana vita vilianza miezi michache baadaye. Kwa nini tuwafukue waliokwishalala?

Nitakuja. Nimeulizia nafasi kwenye basi la tarehe 25 Aprili. Nitakaa mbele, watu wataniona, nawe utaimba mimi nikiwepo. Hilo lenyewe ni jibu, na watu wa Mengo watalielewa.

Kaka yako,
Abdul-Karim

*

Mengo, Kampala
9 Machi 2025

Kaka,

Ramadhani njema. Tunafunga vizuri, Nabilah pia, ingawa ananung'unika kuanzia Alasiri.

Nilikuuliza siku ya jambo moja, umenipa tarehe ya lingine.

Wakati naolewa na Sadik, mwaka 1983, hukuwepo. Sikulaumu, baada ya vita wengi wetu hatukuwa mahali petu. Lakini nikueleze ilivyokuwa. Mashangazi walikaa chumbani kwa mama wakashauriana, nami niko nyuma ya pazia nasikia. Shangazi mkubwa akasema, "Mwari hupigiwa doluka. Huyu si mwari, huyu ameachwa." Unaijua doluka ya kwetu Wanubi. Wanawake, ngoma, bibi harusi katikati, tunaimba mpaka sauti zinakauka. Kila msichana niliyecheza naye aliimbiwa. Mimi nilisomewa dua fupi, wakanywa chai na mandazi, wakaondoka kabla ya Magharibi.

Baadaye Sadik aliniuliza, kwa upole wake ule, mume wangu wa kwanza alikuwa mtu wa namna gani. Nikamwambia, "Alikuwa Shomari, wa mlango wa nne, Ploti Nambari Tisa." Hakucheka. Alidhani namficha mtu. Tuliishi vizuri miaka thelathini na moja, na amekufa akidhani hivyo.

Tangu hapo kwenye doluka za wenzangu mimi napiga makofi tu. Mashangazi hawakukosea, walifuata neno lako.

Kuja kwako si jibu. Kama unalo jibu, lilete. Kama huna, baki na vitabu vyako.

Zulaikha

*

Kibos, Kisumu
12 Aprili 2025

Dada yangu Zulaikha,

Assalamu alaykum. Idi imepita bila salamu yangu, mara ya kwanza tangu tuanze kuandikiana. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa naandika barua hii na kuichana.

Jibu lako ni hili. Nilimwendea Sheikh Abudu Jumapili, tarehe 20 Agosti 1978, baada ya Adhuhuri. Hamim alikuwa ametamka talaka jana yake. Sheikh alikuwa amekaa mkekani anakata kucha. Nikamweleza yote.

"Ulipomwoza ulisema unamwoza nani?"

"Tunu binti Rajabu."

"Baba yenu aliitwa Rajabu?"

"Hapana, sheikh."

"Tunu ni nani?"

"Ni jina la mchezo."

Alicheka mpaka mkasi ukamdondoka. "Karimu, umemwoza mtu ambaye hajazaliwa, kwa mtu ambaye hayupo. Hakuna ndoa hapo wala talaka. Nenda kamwambie msichana, arudi kwenye nyimbo zake."

Hayo ndiyo maneno yake, sikuongeza wala kupunguza. Nilitoka kwake nikiwa na nia ya kukuambia. Kabla sijafika kwetu watu watatu walinisimamisha, mmoja baada ya mwingine, kunishika mkono. Kijana anayejua dini. Kijana aliyeokoa heshima ya dada yake. Sikuwahi kusifiwa hivyo, na nilijua kwamba nikisema ukweli jioni, kesho asubuhi watanicheka kama sheikh alivyonicheka. Nilipoingia uani ulikuwa unafua nguo bila kuimba. Nikajiambia, kesho.

Kutoka Jumapili ile hadi siku niliyoondoka kulikuwa na kesho mia mbili ishirini na sita. Nimezihesabu mwezi huu. Baada ya hapo kulikuwa na posta, kisha simu, kisha Nabilah. Vita havikunizuia, wala umri wangu, wala tahadhari. Nilijua, nikanyamaza, nawe ukaolewa kwa chai na mandazi. Mambo ya Sadik sikuyajua mpaka uliponiandikia, na sina la kuyafanya sasa zaidi ya kusema kwamba yaliletwa na mimi.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ya pili. Nimeandika humo, kwa jina langu kamili na la baba, kwamba Zulaikha hakuolewa mwaka 1978 wala hakuachwa, na kwamba kaka yake alilijua hilo siku ya nne baada ya mchezo. Imamu wetu na jirani yangu mmoja wamesaini kama mashahidi. Wasomee mashangazi waliobaki. Isome ukumbini ukitaka, au mpe Hamim aisome, atapenda. Ukiona bora ichomwe, ichome. Ni yako.

Sasa kuhusu kuja. Nafasi kwenye basi nilikuwa nimeipata, na jana nimekwenda kuifuta. Usidhani naona haya kukutana na watu. Haya ninayo, lakini ningeweza kuibeba kwa muda wa saa nane barabarani. Ningependa pia kuwasikia, wewe na Anena, kuliko ninavyoweza kueleza hapa. Ila nilikuandikia kwamba nitakaa mbele, watu wanione, na hilo litakuwa jibu. Nimeisoma tena sentensi hiyo na nimeona ni mtu yule yule wa barazani. Nikikaa pale, Mengo yote itasema, "Kaka yake amemruhusu." Huo utakuwa uongo wa pili, na utadumu kuliko wa kwanza. Sina ruhusa ya kukupa. Sikuwa nayo tangu Jumapili ile.

Imba ukitaka kuimba, na usipotaka, iwe kwa sababu zako mwenyewe. Tungeni wimbo papo hapo, kutokana na ugomvi huu huu. Mnaujua kuliko mimi.

Wala usiningoje mwakani, au mwaka wa baadaye. Nimeishi Kibos miaka mingi kuliko nilivyoishi Kampala, na nimeshawaonyesha watoto mahali litakapokuwa kaburi langu. Kampala sirudi.

Kaka yako,
Abdul-Karim