Akiba ya Siku Mbaya

Jumatatu, 3 Februari

Mashuka nimefua mara mbili. Jua la kubabaisha, hayajakauka. Mama kanywa uji wa uwele vijiko vinne, akatapika.

Mofini ya maji, dawa yake ya maumivu, nimempa saa kumi na mbili, saa nne na saa nane. Saa ni zile alizoagiza Sista Mwajuma, nesi anayetutembelea kutoka hospitali kila baada ya wiki mbili. Kiasi siyo. Sista alichora mstari kwa kalamu kwenye bomba la kupimia dawa: mpaka hapa. Mimi naishia nusu. Kansa ya mlango wa kizazi hairudi nyuma, mwenyewe alituambia. Inakuja mbaya zaidi. Sasa tukimaliza dawa kwenye maumivu haya, yale makubwa tutayapa nini?

Kaka Danieli kapiga simu kutoka Singida Mjini. "Usimzoeshe. Itunze." Tangu Novemba, niliporudi hapa Kinampanda kumuuguza Mama, ndiyo mara ya kwanza tunakubaliana jambo.

Jumatano, 5 Februari

Wamekuja akina mama wa usharika. Wanane. Wanamuuliza mgonjwa anaendeleaje na huku wanamwona. Mama kaomba nimkalishe, kajifunga kitenge chake kipya, kawaitikia wote, hadi na kucheka kidogo. Wakaimba. Wakasema anaonekana na nafuu.

Walipovuka ua tu akaanguka kwenye mto, jasho linamtiririka. Nikawachukia wale wanawake. Hawana kosa. Nimewachukia tu.

Ijumaa, 7 Februari

Leo mbaya. Mama kang'ata pindo la kitenge tangu asubuhi mpaka mchana. Hakulia. Hakuomba kitu. Nikimuuliza anasema, "Kidogo tu, mwanangu."

Nikaishika chupa. Nikajiuliza kama ndiyo siku yenyewe hii. Nikaona bado, nikaishia nusu kama kawaida.

Nimelelewa na mwanamke anayepima unga kwa kikombe hata mwaka wa mavuno mazuri. Kihenge chetu kilikuwa na alama ya mkaa kwa ndani, na mtama wa chini ya alama haukuguswa mpaka mvua zionekane. Mwaka wa njaa majirani walikula mbegu, sisi hatukula. Kutunza najua. Labda ndicho kitu pekee ninachokijua.

Nimeenda nyuma ya nyumba nikakaa juu ya kinu. Nina mikono miwili na haina kazi yoyote ya maana.

Jumapili, 9 Februari

Mvua. Mama hajaongea leo. Sina cha kuandika.

Jumanne, 11 Februari

Kang'ata tena. Kitenge kimetoboka. Nimesali na nimemkasirikia Mungu katika sala moja. Keshokutwa Sista anakuja. Nitamwonyesha chupa, aone tulivyoitunza.

Alhamisi, 13 Februari

Sista kaja na pikipiki, matope hadi magotini. Kainua chupa, kaiangalia kwenye mwanga wa dirisha.

"Dada, hii mbona imejaa?"

Nikamweleza. Tena kwa majivuno, kama mtoto anayeonyesha daftari lenye vema. Akavuta kigoda akakaa. Hakunigombeza. Akasema dawa hii si unga wa kihenge. Ikiisha analeta nyingine. Maumivu yakizidi, kipimo kinaongezwa. Hakuna cha kuwekea akiba.

"Siku mbaya uliyokuwa unaisubiri, mama ameshaipitia. Ni hizi siku kumi na nne zote."

Nilitamani anitukane.

Akavuta dawa mpaka kwenye mstari, akampa Mama, akasubiri na mimi. Baada ya kama nusu saa uso wa Mama ukalegea. Sikuwa najua kwamba ulikuwa umekazwa. Nilidhani ndiyo uso wake wa ugonjwa, nimeshauzoea.

Nimempigia Danieli. Akasema anakuja Jumamosi.

Jumamosi, 15 Februari

Mama kalala vizuri siku mbili. Leo kaomba mlenda, kala matonge mawili. Kaomba nimwogeshe na nimpake mafuta miguuni. Danieli kafika na basi la mchana, kasema shikamoo akiwa mlangoni, akashindwa kuingia. Mama ndiye aliyemwita.

Jioni nikapiga magoti kando ya kitanda nikamwambia. Mama, dawa nilikuwa nakupunguzia.

Akanijibu kwa Kinyiramba, lugha yetu ya nyumbani, taratibu, bila hasira. Alijua. Mstari aliuona, na nilipokuwa naishia alipaona. Alidhani Sista ameniagiza dawa nyingine niibakize, tugawane na wagonjwa wa vijiji vingine. "Nikasema na wenzangu nao wapate."

Ndiyo maana hakuomba. Alikuwa anawaachia wenzake.

Hakukuwa na mgonjwa mwingine. Kulikuwa na chupa kabatini na mimi nailinda. Sikumwambia hilo. Danieli alitoka nje, nikamsikia anapasua kuni ambazo hatuzihitaji.

Jumanne, 18 Februari

Mama anafifia. Hali chakula, maji namlowesha midomo kwa pamba. Danieli kampigia Sista kumuuliza kama ni ile dawa, kama tumemzidishia sasa. Sista kamjibu kwamba ni ugonjwa umefika mwisho wake, dawa haijauleta. Danieli kaniuliza mimi tena, kana kwamba mimi najua zaidi ya nesi.

Nampa kwa saa, mpaka kwenye mstari. Siachi hata tone. Haumii. Naangalia paji lake kila dakika, haumii. Wala haponi. Kila ninachofanya sasa nakifanya sawasawa na hakimbakizi.

Ijumaa, 21 Februari

Mama amefariki saa tatu asubuhi. Danieli alikuwa amemshika mguu. Mimi nilikuwa jikoni napasha maji.

Jumapili, 2 Machi

Wageni wa msiba wameondoka. Danieli karudi kazini. Nyumba ni mimi na kuku.

Mchana kaja Sista Mwajuma. Leo si siku yake ya kazi. Alivaa gauni la kanga, mara ya kwanza kumwona bila sare. Nilikuwa namenya karanga za mbegu. Hakusema pole nyingi. Akajivutia kigoda, akachota karanga akaanza kumenya na yeye.

Akaniuliza kama nakula. Nakula. Kama nalala. Kidogo. Akasema familia nyingi anazozitembelea huku kwetu zinafanya kama nilivyofanya, zinabana dawa, na siku hizi hilo ndilo analouliza kwanza akiingia nyumba mpya. Kwangu hakuuliza. Alinikuta najua kusoma, akadhani nimeelewa. Alisema hivyo akiwa anaangalia mikono yake.

Nikamuuliza kama Mama aliumia sana zile siku kumi na nne. Nilitaka aseme hapana. Mtu mwingine angesema hapana.

Akasema ndiyo, aliumia sana.

Nikashukuru. Sijui kwa nini. Tukaendelea kumenya mpaka karanga za kwenye ungo zikaisha, nikaenda ndani kuchota nyingine.