Nusu ya Muhuri

Soweto, Mbeya
Ijumaa, baada ya Adhuhuri

Kaka yangu mpenzi Muhidini,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute umekaa kibarazani hapo Ipogolo, jua likikupasha mgongo, na lile jicho la kulia halijaongeza ukungu. Sisi huku wazima, ila baridi ya mwaka huu imetukamata hasa, hata mahindi ya uani yamegoma kukua. Wifi Batuli, najua wewe ndiye unayesoma. Nakuomba umsomee yote, usiruke mahali, hata ukifika pagumu.

Utashangaa naandika wakati simu ipo. Simu imenishinda, kaka. Kila ukipiga kuulizia ile stempu na bahasha yake, mdomo unajibu vipo salama kabla moyo haujajibu.

Stempu zile za kwenye kopo la marehemu baba nimezipanga zote ulivyonielekeza. Nimehesabu meno ya pembeni kwa ncha ya sindano, nimezishika dirishani moja moja kutafuta ile alama iliyofichwa ndani ya karatasi. Siku nilipokwambia moja ni ya kijani ukaniuliza kijani gani, nikasema kijani cha chai ya Mufindi. Ukacheka mpaka ukakohoa, ukasema miaka yote umekagua stempu kwa lenzi ya fundi saa jichoni, leo macho yako yamehamia kwa mwanamke anayepima rangi kwa majani ya chai. Nami nilicheka. Sijacheka vizuri tena tangu siku ile.

Ile uliyonituma niitafute, ya Kihindi yenye jina la Zanzibar lililogongwa juu yake kwa wino mweusi, nimeipata. Juzi niliipeleka Sokomatola kwa mzee Silvester, yule mstaafu wa posta. Aliiweka chini ya kioo chake mpaka chai yake ikapoa. Akasema jina limegongwa mara mbili kweli, la pili hafifu nyuma ya la kwanza kama kivuli, na kwamba tangu aanze kazi hajawahi kushika kosa la thamani kama hilo. Kisha akanyoosha mkono, akaomba bahasha iliyobandikwa stempu hiyo.

Nikamwambia haipo. Akavua miwani. Alinieleza taratibu kuwa walaghai wa zamani waligonga majina ya uongo juu ya stempu hizi walivyotaka, kwa hiyo mnunuzi huamini muhuri wa posta, wenye mahali na tarehe, uliokanyaga stempu na bahasha kwa pamoja. Yetu ina nusu ya muhuri, na tarehe haimo kwenye nusu hiyo. Akasema yeye angeapa kuwa ni yenyewe, ila mnunuzi hataki kiapo cha Silvester, anataka nusu ya pili.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Uliponiambia niloweke vile vipande vya karatasi ili stempu zibanduke, bahasha ile ilikuwa humo humo koponi, ya barua iliyotoka Unguja kwenda kwa babu yake baba kule Bagamoyo. Juu ya anwani, kwa hati ya Kiarabu, iliandikwa Bismillahi. Nondo walikuwa wameila, na wajukuu wakawa wanaichezea, mmoja akaiangusha akaikanyaga. Nikaingiwa na hofu. Unakumbuka tulivyofundishwa chuoni: karatasi yenye jina la Mungu haitupwi wala haikanyagwi. Basi nikabandua stempu, bahasha nikaichoma kwa heshima, majivu nikayafukia chini ya mparachichi wa uzioni pasipopita mguu wa mtu. Nikasoma na Fatiha. Nikaingia ndani nimeridhika.

Kesho yake ukapiga, nikakueleza stempu yenye jina lililogongwa mara mbili; ukafurahi, ukasema bahasha yake nisiiguse hata kwa pumzi. Nikakujibu, haya kaka. Hivyo tu. Haya.

Hii ni wiki ya sita. Batuli ameniambia wanao, Idrisa na Anwari, walitaka kuchangishana ukapasuliwe jicho, ukawakatalia, ukisema mwenye stempu kama ile hachangiwi. Na daktari alishasema jicho halisubiri. Kumbe wewe unasubiri kwa kuiamini ile haya yangu ya simuni. Kaka, wakubalie. Leo hii.

Nimekwenda kufukua pale mparachichini kwa mikono. Ni udongo mtupu. Nikiinua mikono kuomba, sijui nianzie wapi. Kwa kuchoma nadhani Mola anajua nia yangu. Kwa kunyamaza sina la kumwambia, wala la kukwambia wewe.

Stempu nimeiweka ndani ya msahafu wangu. Kila asubuhi naipeleka dirishani. Kivuli cha jina lile la pili kipo, kaka, nakiona wazi kabisa. Ulisema mimi ndiye macho yako. Basi macho yako yanakiona, na hakuna wa kuyaamini.

Wape salamu wanao na majirani wote wa hapo. Wifi, usiondoke karibu yake mpaka awapigie vijana simu.

Ni mimi mdogo wako, ninayeona aibu hata kuomba radhi,
Mwanaidi