Picha ya Kichwa cha Baba

Jumatatu, 4 Agosti 1997
Nimemnyoa Baba ndevu. Kugeuka tu kumwaga maji, kapaka sabuni upya. Amesahau. Mwalimu wa hesabu, Butimba nzima inamjua, na hajui kama amenyolewa. Moyo waliompasua Nairobi unadunda vizuri. Kila mgeni anasema amepona. Neno hilo nimelichoka.

Jumatano, 6 Agosti
Baba Mdogo Masanja kaja kutoka Kirumba. Yeye na wazee walikwenda kwa mfumu, mpiga ramli, na kuku aliyetemewa mate na Baba. Kuku kapasuliwa, matumbo yakasomwa: mgonjwa kalishwa kitu na mtu wa ndani. Yaani Mama. Mhaya, si wa kabila lao, tena ndiye anayepika. Jumamosi ukoo unakaa, arudishwe kwao Bukoba.
Masanja alikuwa na damu ya kuku kwenye kucha. Akala ugali wa Mama kwa mkono huohuo. Akaomba kuongezewa.

Ijumaa, 8 Agosti
Picha ya kichwa, ile ya mashine, imefika kutoka Nairobi. Daktari wa hapa kaiweka dirishani, kanionyesha madoa meusi, madogo kama punje za ulezi. Wakati wa upasuaji, chembe za damu iliyoganda zilipanda kutoka moyoni, zikaziba mishipa ya ubongo. Si sumu. Mama amesalimika!
Nilicheka njia nzima. Kisha nikajichukia. Nafurahia madoa kwenye ubongo wa baba yangu.

Jumamosi, 9 Agosti
Kikao. Niliieleza picha polepole, kama darasani. Masanja akaniacha nimalize. Akaichukua, akaiinua juani, vidole vya mafuta katikati ya kichwa cha Baba.
"Mnaona? Kuku kasema, na mashine ya wazungu imesema! Dawa yenyewe hii hapa, na hapa. Shemeji, ulimlisha mara ngapi?"
Wazee wakaguna, wameridhika. Ushahidi nimewaletea mimi.
Mama akainuka. Aliingia ndani kukunja kanga zake.

Jumapili, 10 Agosti
Mama kapanda meli. Masanja kambebea mzigo hadi bandarini, kwa adabu zote. Nimempa Masanja shikamoo yake.

Alhamisi, 14 Agosti
Nimeifuta picha alama za vidole. Baba kaikuta mezani, kaielekeza dirishani.
"Kichwa cha nani hiki?"
"Cha mtu mmoja, Baba."
Kayahesabu madoa kwa kidole.
"Masikini. Ana mke?"
"Anaye."
"Basi afadhali. Atamtunza."
Akavuta kiti cha Mama karibu na chake, akangoja chai.