Kitufe cha Wifi Zuhura

Jumanne, 8 Julai

Baada ya alfajiri nimekaa na kompyuta, chai pembeni. Cherehani itanisubiri. Programu iliyogoma jana leo imekubali, alhamdulillahi. Nukta mkato moja tu ilikosekana. Saa nzima nimeitafuta! Najiandikia nisisahau: ikigoma, soma mstari ulio juu ya ule inaoulalamikia. Kosa hupenda kukaa nyumba ya jirani.

Mimi niliishia darasa la saba. Haya nimejifunza kwa video za simuni. Kiingereza chake kinanishinda, kwa hiyo majina ndani ya msimbo, maandishi ya programu, naandika kwa Kiswahili: marehemu, wanachama, tumaKwaWote. Nikirudi baada ya wiki naelewa nilikusudia nini.

Kazi yake ni hii. Akifariki mtu wa chama chetu cha kuzikana hapa Mapinga, unaandika jina, unabonyeza, wote wanapata ujumbe kwa mpigo. Alipofariki mume wangu, dada yake, wifi yangu Zuhura, alikuwa shambani Makurunge. Kila mtu alidhani mwenziwe kamwambia. Alifika kaburi limeshafukiwa. Hajanilaumu hata siku moja. Hilo ndilo linaloniuma.

Alhamisi, 10 Julai

Kidogo tu leo, mgongo unauma. Nimehifadhi nakala ya jana kabla ya kugusa kitu, kisha nikaingiza namba za kweli za wanachama. Wifi Zuhura kaleta kisamvu, kachungulia. "Hiyo ndiyo itakayotuzika?" Nikamwambia itawaita wa kuzika tu. Kacheka.

Jumamosi, 12 Julai

Astaghfirullah.

Asubuhi nilitaka kujaribu kwa namba yangu peke yake. Penye jina la marehemu nikaandika la kwanza lililonijia: Zuhura. Ndilo ninaloliita kutwa. Orodha nikasahau kuibadilisha. Nikabonyeza. Simu yangu ikalia, nikafurahi kama mjinga. Nikaenda kuoga.

Natoka, nasikia vilio njiani. Wanawake wamejitanda kanga, mikeka kichwani, Bi Tausi mwenyekiti mbele na sufuria kubwa ya msiba. Wifi, jirani yangu, yuko uani kwake anachambua mchele, simu yake imeishiwa chaji.

"Jamani, kafa nani?"

"Wewe, shoga!" Sufuria ikamponyoka Bi Tausi.

Wengine walicheka hadi wakakaa chini. Wifi hakucheka. Kaniangalia mimi. "Umenichuria kifo, wifi yangu." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Jumatatu, 14 Julai

Siku ya tatu hii, mlango haujafunguka kwangu. Nilipeleka uji kwa mkono wa Bi Tausi. Bakuli limerudi tupu. Basi ameunywa.

Chama kitaamua Ijumaa kama programu iendelee. Wakiikataa, sawa. Nauogopa ule mlango. Sina mtoto, mume hayupo, ndugu niliyebaki naye ndiye huyu. Ajali, saa ya mtu kufa, yu nayo Mola, haiji kwa jina kuandikwa simuni, najua. Lakini moyo wa mtu haupoi kwa hoja.

Nimeongeza mstari:

if (jaribio) wanachama = [nambaYangu];

Yaani kukiwa ni jaribio, ujumbe uje kwangu tu. Na kabla ya kutuma jina liandikwe mara mbili. Kwenye majaribio yote sasa anafariki jogoo wangu. Leo kafa mara sita, na yupo mlangoni anadonoa pumba.

Alhamisi, 17 Julai

Wifi kaja! Kaweka simu mezani, ujumbe wa kifo chake uko wazi. Kumbe kila siku anausoma.

"Walikuja wengi," kasema. "Hata mchele sijamaliza kuchambua. Kaka yangu sikumuwahi. Mimi wangeniwahi."

Nikalia. Nikamwomba radhi, ya Jumamosi na ya siku ile ya mazishi.

"Nyamaza, wifi. Maiti ni mimi, unalia wewe?" Kisha kasema: "Ila hii yako inajua kufa tu. Nalala peke yangu. Nikiamka, nani anajua?"

Nimeanza hapo hapo. Kitufe kimoja kwenye simu yake, cha kubonyeza akiamka: kijani, kikubwa kwa ajili ya macho yake. Kisha nikamtazama anavyokitumia, nisimwelekeze. Nimejifunza zaidi kuliko kwenye video. Anabonyeza kwa dole gumba, kwa nguvu, kama anakanda unga. Nimekipanua tena.

Ijumaa, 18 Julai

Chama kimekubali. Bi Tausi ana sharti moja: habari za jogoo zisifike kwake.

Jumamosi, 19 Julai

Nimeswali. Tasbihi bado mkononi, chai haijachemka. Simu imetikisika juu ya mkeka.

Zuhura ameamka.

Nimeongeza maji ya chai, nimetoa kikombe cha pili.